Sipro ya alfajiri: kisa cha ini lililopimwa kwa pumzi mara mbili

Kabla ya yote

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya madaktari, maafisa tabibu, wafamasia na wauguzi wa kanda ya kati ambao kila wiki wanasaini barua za rufaa za wagonjwa wa ini. Majina ya watu, wilaya na hospitali nimeyaacha. Umri, kazi na mpangilio wa tarehe nimevisogeza ili mwenye kisa asitambulike hata na jirani yake. Namba za vipimo sikuzigusa, maana ndizo kisa chenyewe. Mgonjwa nitamwita Mzee M. Binti yake mkubwa, aliyemsindikiza safari nzima, nitamwita binti tu.

Mgonjwa

Mzee M. ana miaka 52. Analima alizeti, mahindi na karanga katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma, na ukimwona akishuka kwenye basi na begi lake begani hutamdhania mgonjwa. Virusi vya homa ya ini B viligundulika alipokwenda kuchangia damu kwa ajili ya shemeji yake aliyekuwa anajifungua. Akaambiwa damu yake haifai, akapewa karatasi, karatasi akaiweka kwenye sanduku la nguo. Ilikaa humo miaka minne. Iliyomtoa ni msiba: mdogo wake wa kuzaliwa naye alifariki kwa kile ambacho ndugu walikiita tumbo kujaa maji, na binti, aliyesoma mpaka chuo, akaunganisha mambo mawili akamleta kliniki.

Watu wa huku wakisikia neno sumukuvu wanakumbuka mwaka 2016, mahindi yenye sumu hiyo ya ukungu yalipowaugusha watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 kati yao wakafariki. Mwaka ule ulitufundisha sumu inayoua kwa wiki. Ile inayokula ini polepole, msimu hadi msimu, kwenye karanga zilizolowa mvua ya mwisho na mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo, haina kelele. Ikikutana na virusi vya B katika mwili mmoja, hatari ya saratani ya ini inazidi jumla ya hatari hizo mbili. Mzee M. alikuwa navyo vyote viwili, pamoja na wanzuki wa ujanani ambao alituhakikishia aliuacha zamani. Sigara hakuwahi kuvuta. Hili la sigara lishike, litarudi.

Ultrasaundi ilionyesha ini lenye kingo za mawimbi na uvimbe upande wa kulia. CT skani ikathibitisha: uvimbe mmoja, sentimita 4.8, kipande cha sita, unaopokea dawa ya rangi mapema na kuipoteza mapema, kama saratani ya ini inavyofanya. Mishipa mikubwa ilikuwa salama. Tumboni hapakuwa na maji.

Namba tulizokuwa nazo Dodoma

Vimeng'enya vya ini: ALT 58, AST 71. Bilirubini mikromoli 19 kwa lita. Albumini gramu 36 kwa lita. INR, kipimo cha kuganda kwa damu, 1.2. Chembe sahani 104. AFP, kiashiria cha saratani ya ini kwenye damu, 310.

Kwa kipimo cha Child-Pugh, kinachopanga ukali wa ugonjwa wa ini na ambacho wengi wetu tunakihesabu kwa vidole tukiwa tumesimama, Mzee M. alipata pointi 5, yaani daraja A, la juu kabisa. Albumini inayozidi 35 inatoa pointi moja. Yeye alikuwa na 36. Alipita kwa gramu moja, na hakuna aliyeitazama ile gramu.

Hapa niseme jambo ambalo wanafunzi hawalipendi. Karatasi tunayoiita vipimo vya utendaji wa ini, sehemu kubwa haipimi utendaji. ALT na AST ni mali iliyokuwa ndani ya seli, ikamwagika seli zilipoumia. Kuzihesabu ni sawa na kuhesabu magunia yaliyochanika ghalani: utajua panya wapo, lakini hutajua ghala litalisha kijiji miezi mingapi. Ini lililokwisha kabisa linaweza kukupa ALT safi, kwa sababu hakuna gunia lililobaki la kuchanika. Albumini na INR ndizo zinazokaribia kupima kazi, kwani ini ndilo linalotengeneza albumini na protini za kugandisha damu, ila zinashuka kwa kuchelewa na zinasukumwa na mengine, kuanzia lishe hadi vitamini K.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Tulikaa kikao: daktari wa upasuaji, mtaalamu wa picha, na mimi wa magonjwa ya ndani. Uvimbe ni mmoja, mgonjwa ana nguvu, Child-Pugh A. Tukakubaliana kwamba anastahili upasuaji, na kwenye barua tukapendekeza kuondoa nusu yote ya kulia ya ini. Sababu yetu ilikuwa usafi wa kingo: ukiondoa nusu nzima unajua umeuacha uvimbe mbali. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ilikosa tu upande wa pili wa mizani, yaani kitakachobaki.

Mzee M. ana kaka anayefanya kazi nje ya nchi, akasema atagharamia na watakaa kwake. Nikaandika barua ya rufaa, ukurasa mmoja na nusu. Kwenye sehemu ya dawa niliandika mstari mmoja: tenofoviri, dawa ya virusi vya B, miligramu 300 mara moja kwa siku. Siku nilipousaini, mstari ule ulikuwa kweli tupu. Kati ya saini yangu na siku aliyopimwa huko zikapita siku 27.

Kipimo chenyewe

Waliompokea hawakuridhika na pointi zetu 5. Wakampangia kipimo cha pumzi cha methasetini.

Wazo la kulipa ini kazi ndogo kisha kulitazama linavyoifanya si jipya. Tangu miaka ya 1920 madaktari walichoma rangi kwenye mshipa wakapima imebaki kiasi gani kwenye damu. Baadaye ikaja rangi ya kijani ya indosianini, inayotumika mpaka leo: kwa mtu mwenye ini zima, baada ya dakika 15 inabaki chini ya asilimia 10. Ile kijani, hata hivyo, ini haliivunji, linaichukua na kuitupa kwenye nyongo jinsi ilivyo. Galaktosi, kafeini, aminopirini na methasetini ni jamii nyingine. Hizi ini linazivunja kweli, na kasi ya kuzivunja ndiyo jibu.

Methasetini inavunjwa na kimeng'enya kimoja kinachoitwa CYP1A2, kinachokaa ndani ya seli za ini. Kimeng'enya kinang'oa kipande kidogo chenye kaboni, kinachobaki ni parasetamoli, na kile kipande kinaishia kuwa hewa ya kaboni dayoksaidi na kutoka kwa pumzi. Ujanja ni kwamba kaboni ya kipande hicho imewekwa alama: ni kaboni-13, nzito kidogo kuliko kaboni ya kawaida. Haina mionzi. Ipo katika miili yetu sote, kama asilimia 1 ya kaboni yote. Wale waliopimwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kupuliza mfuko, wengi walitumia kaboni hiihii.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila nikilisimulia. Mimea ya mahindi, mtama na uwele inashika kaboni-13 nyingi zaidi kuliko ngano na mpunga. Kwa hiyo Mgogo aliyekula ugali wa uwele jana usiku anapumua kaboni-13 zaidi kidogo ya aliyekula mkate, hata kabla hajachomwa kitu. Ndiyo maana mgonjwa anafunga, na ndiyo maana mashine inasoma kwanza pumzi yake mwenyewe kabla ya dawa, ijue pa kuanzia kuhesabu.

Binti alinisimulia siku yenyewe. Baba yake alilazwa chali, akavishwa barakoa yenye mpira unaokwenda kwenye mashine ukubwa wa friji ndogo. Kwa dakika kama kumi hakuna kilichofanyika, akawa anapumua tu. Kisha nesi akachoma dawa kwenye kanula, miligramu 124, maana ni miligramu 2 kwa kila kilo na mzee alikuwa na kilo 62, akaisukuma kwa maji ya chumvi. Akakatazwa kuongea na kugeukageuka. Kwenye skrini ukaanza kupanda mstari. "Ulipanda kidogo, Dokta, ukalala," alisema binti. "Mimi nilijua hapohapo."

Jibu la kwanza: 128

Jibu linatolewa kwa mikrogramu kwa kila kilo kwa saa. Zaidi ya 315 ni ini zima. Chini ya 140 ni ini lisilopaswa kukatwa. Katikati ndipo penye hesabu. Mzee M. alipata 128.

Wakamwambia kwa upole kwamba upasuaji hapana, watafute njia nyingine za kuukabili uvimbe.

Simu ya binti iliingia saa nne usiku. Alianza kwa shikamoo, akanyamaza kidogo, kisha yakamtoka yote. "Dokta, nyie Dodoma mlituambia ini la baba lina daraja A. Hapa wanasema halifai kuguswa. Nani anatudanganya?" Kaka wa mzee, nyuma yake, alikuwa anasema kwa sauti kwamba mtu hawezi kunyimwa upasuaji kwa kupumulia mpira.

Sikuwa na jibu. Nikaomba wanitumie karatasi zote, nikazisoma kitandani kwa mwanga wa simu. Bilirubini waliyopima wao ilikuwa 21, INR 1.2, albumini 35. Karibu sawa na zetu. Ini halikuwa limeanguka ndani ya wiki nne. Ama kipimo chao kilikuwa kinaona kitu tusichokiona, ama kulikuwa na kitu kinachokidanganya. Nilitaka kuamini la pili, na nakiri kwamba kutaka huko kulikuwa na ubinafsi ndani yake: barua ilikuwa na saini yangu.

Bahasha ya kaki

Kilichonifungua macho ni pumu. Kila daktari aliyefanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani katika nchi hii amekaripiwa walau mara moja kwa kumpa mgonjwa wa pumu anayetumia aminofilini dawa ya sipro, yaani antibiotiki ya ciprofloxacin. Sipro inazuia kimeng'enya kinachoivunja aminofilini, dawa inajaa kwenye damu, mgonjwa anaanza kutapika, moyo unakwenda mbio. Na kimeng'enya kinachozuiwa ni kipi? CYP1A2.

Asubuhi nikampigia binti. Nikamuuliza baba ametumia dawa gani wiki ile ya kipimo.

"Zilezile za ini, Dokta. Hakuna nyingine."

"Chukua begi la baba. Kila kitu kinachomezwa kimwage kitandani, unipigie picha."

Picha ikaja WhatsApp. Kopo la tenofoviri. Panado nne. Kifuko cha unga wa mlonge. Na bahasha ndogo ya kaki, ile ya duka la dawa, iliyoandikwa kwa kalamu "1×2 siku 7" na hakuna kingine, wala jina la dawa. Nikamwambia aitoe iliyomo. Kulikuwa na kipande cha paketi kilichokatwa kwa mkasi, vidonge vinne vimebaki, na kwenye foili maandishi yaliyokatika mwanzoni: OFLOXACIN 500. Ilikuwa sipro.

Ilikuwa hivi. Siku chache kabla ya safari, wakiwa Dar es Salaam kwa jamaa wakisubiri ndege, mzee alilalamika mkojo unachoma na mwili una homa. Mpwa wake akaenda duka la dawa, akaeleza, akaambiwa ni yutiai, akarudi na bahasha. Kwa mzee hiyo haikuwa dawa ya kutajwa mbele ya madaktari wa ini. Ilikuwa dawa ya mkojo. Siku ya kipimo ilikuwa ya tano. Alikuwa ameambiwa asile, naye hakula. Lakini ni mtu wa kufuata masharti: saa kumi na moja alfajiri aliamka, akameza kidonge chake kwa funda moja la maji, akaswali, akaenda hospitali. Mkalimani alipomuuliza kuhusu dawa, akaonyesha barua yangu.

Uamuzi wa pili

Nilimwandikia daktari wa kule barua pepe ya aya tatu, na picha ya foili. Alijibu siku hiyohiyo, bila kujitetea, kwamba watarudia. Hakutaka kurudia haraka. Sipro yenyewe hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili, na uzuiaji wake huondoka nayo. Ila mzee alikuwa na maambukizi na homa, na uvimbemoto mwilini peke yake hupunguza vimeng'enya vya ini, dawa iwepo isiwepo. Wakampima mkojo, wakammalizia tiba kwa dawa ya jamii nyingine isiyogusa CYP1A2, wakasubiri wiki moja na nusu. Kaka mtu alinung'unika. Bahati nzuri walikuwa wanalala kwake. Kama ingekuwa hoteli, nadhani wangerudi nyumbani na ile 128.

Jibu la pili: 236, na hesabu iliyotuumbua

Safari hii mstari ulipanda zaidi. 236.

Familia ilishangilia. Nami nilianza kushangilia, mpaka nilipoona ukurasa uliofuata, ambapo walikuwa wamepima kwa CT ukubwa wa kila sehemu ya ini. Nusu ya kushoto, ile ambayo mpango wetu wa Dodoma ungeiacha, ilikuwa asilimia 33 ya ini lote zima lisilo na uvimbe.

236 mara 0.33 ni 78.

Kwa kipimo hiki, kama ini litakalobaki linakadiriwa kuwa na zaidi ya 100, unaendelea. Kati ya 80 na 100 unafikiri mara mbili na unaandaa kitanda cha wagonjwa mahututi. Chini ya 80 huendi, kwa sababu chini ya hapo hatari ya ini kushindwa baada ya upasuaji ni kubwa. Yaani hata kwa jibu zuri, mpango niliousaini mimi ulikuwa wa hatari.

Wao walichora mstari mwingine: kuondoa kipande cha sita na cha saba tu, na kuacha asilimia 74. 236 mara 0.74, kama 175. Waliujadili pia utaratibu wa kuziba kwanza mshipa unaoupelekea upande wa kulia damu ya utumbo, ili kushoto kukue kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoa nusu nzima. Waliuacha, kwani uvimbe haukuhitaji nusu nzima. Kuuchoma kwa sindano ya joto kulionekana dhaifu kwa uvimbe unaokaribia sentimita 5. Wakachagua upasuaji mdogo.

Matokeo

Upasuaji ulifanyika siku ya tisa baada ya kipimo cha pili. Kesho yake walimpima tena pumzi: 121. Ilikuwa chini ya 175 iliyotarajiwa, kama inavyotokea mara nyingi ini likiwa limetoka tu kubanwa mishipa na kupewa dawa za usingizi, lakini juu ya 80. Bilirubini ilipanda hadi 47 siku ya tatu, ikawa 40 siku ya tano, ikaendelea kushuka. Maji yalijaa tumboni kidogo, yakaisha kwa dawa za kukojoa na chumvi kupunguzwa. Kingo zilikuwa safi kwa milimita 8. Ini lililobaki, chini ya hadubini, lilikuwa na makovu kamili ya sirosisi.

Alirudi Tanzania wiki ya tano. Kutoka Dar alipanda treni ya SGR, akaniambia kitu kizuri kuliko vyote kwenye safari nzima ni kwamba kile kiti hakikumtikisa mshono. AFP ilishuka hadi 6. Katika mwezi wa 14 CT ilionyesha kidoa kipya cha sentimita 1.3 mahali pengine, ambacho kimechomwa. Kwenye ini lenye sirosisi hilo halikutushangaza. Analima, ila nusu ya ekari alizokuwa analima, na karanga anaanika juu ya turubai.

Uchambuzi

*Tulichokuwa nacho na hatukukisoma.* Hili ndilo linaloniuma. Kuna hesabu inayoitwa ALBI ambayo inahitaji vitu viwili tu, bilirubini na albumini. Unachukua logi ya bilirubini mara 0.66, unaondoa albumini mara 0.085. Kwa namba zetu wenyewe za Dodoma inatoka karibu hasi 2.2. Daraja la kwanza linaishia hasi 2.6. Mzee M., aliyekuwa A safi kwa Child-Pugh, alikuwa daraja la pili kwa namba zilezile, kwenye faili lilelile, kwa gharama ya dakika moja na simu yenye kikokotozi. Chembe sahani 104 nazo zilikuwa zinapiga kelele kwamba bandama imejaa na shinikizo la mshipa wa ini liko juu. Hatukuhitaji mashine ya Ulaya kujua kwamba nusu ya ini ni nyingi mno. Tulihitaji kuuliza kitabaki nini.

*Barua ya rufaa.* Orodha ya dawa ni kama bei ya nyanya sokoni Majengo, ya leo si ya kesho. Mimi niliiandika kana kwamba imechongwa kwenye jiwe, na kule wakaipokea hivyohivyo. Swali "unatumia dawa gani" halitoshi huku kwetu, ambako dawa ni ile ya daktari, na ya duka ni "kidonge" tu. Mzee hakudanganya mtu. Alijibu swali aliloulizwa.

*Kipimo.* Sikubaliani na wenzangu walioanza kusema kipimo cha pumzi hakiaminiki. Kilisema kweli mara zote mbili: asubuhi ile ya kwanza CYP1A2 ya Mzee M. kweli ilikuwa inafanya kazi kwa 128. Kosa lilikuwa kuichukua kasi ya kimeng'enya kimoja, katika asubuhi moja, na kuiita ini. Kimeng'enya hiki kinasukumwa huku na huku. Sigara inakiongeza, ndiyo maana nilisema ulishike lile la mzee kutovuta. Mvutaji mwenye ini bovu anaweza kutoa jibu zuri la uongo, na kosa la aina hiyo ni baya zaidi kwa sababu linampeleka mtu kisuni. Nyama choma ya mkaa ikiliwa kwa mazoea nayo inakiongeza. Sipro na fluvoksamini, dawa ya sonona, vinakipunguza, na vidonge vya uzazi wa mpango pia. Kahawa inagombania nacho nafasi, kwa kuwa kafeini inavunjwa na kimeng'enya hichohicho. Na kwa wanaopenda kufuatilia mambo: CYP1A2 ni mojawapo ya vimeng'enya vinavyoigeuza sumukuvu kuwa ile hali inayoharibu chembe za urithi. Kinachopimwa na kilichomuumiza vinapita mlango mmoja.

*Kilichofanya kazi.* Binti. Bila mtu mmoja anayejua Kiswahili, anayeweza kumwaga begi kitandani na asiyeona aibu kumpigia daktari saa nne usiku, kisa kingeishia kwenye 128. Pia daktari wa kule kukubali kurudia kipimo chake mwenyewe bila kiburi, jambo ambalo si la kawaida popote.

*Tusichokubaliana.* Mfamasia wetu anasema tofauti kati ya 128 na 236 ni sipro, basi. Mimi sina uhakika huo. Siku ile ya kwanza mzee alikuwa na vitu viwili kwa pamoja, dawa na maambukizi, na vyote viwili vinashusha kimeng'enya. Siku ya pili havikuwepo vyote viwili. Huwezi kuvitenganisha kwa mtu mmoja. Ingekuwa maambukizi peke yake, mtu angepata jibu baya la uongo hata kama hajameza kidonge, na hapo hakuna bahasha ya kuonyesha picha. Kwa hiyo mimi nauliza dawa, na nauliza homa pia.

Fomu yetu ya rufaa sasa ina mstari wa pili chini ya dawa: kilichomezwa siku 14 zilizopita, kutoka popote, na tarehe ya kuulizwa. Tunaujaza tukimwambia mgonjwa atoe begi. Mzee M. mwenyewe hatumkumbushi. Anakuja kliniki na mfuko wa rambo, anaumwaga mezani kabla hatujamaliza kusalimiana, na mara ya mwisho kulikuwa na bahasha ya kaki humo. Ilikuwa ya mkewe.